Maswali ya Wasomaji: Mgeni Akiingia Kanisa Dogo la Zamani

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Arusha na Moshi watuandikie kuhusu kupokea wageni katika makanisa madogo ya zamani, hasa ya Anglikana. Tumechagua barua saba. Zimejibiwa na jopo letu la watu waliotumika kwa muda mrefu kama wazee wa kanisa, makatekista na wahudumu wa mlangoni.

Jumapili ya kawaida tunakuwa watu kama 80. Wakati wa matangazo wageni husimama, kila mmoja anataja jina, anakotoka na salamu alizobeba, kisha kwaya inawaimbia. Vijana wanataka tuache, wanasema wageni wanaona aibu na hawarudi. Sisi wazee tunaona kuacha ni kukosa adabu. Nani ana haki?
*Mzee wa kanisa, Moshi*

Shikamoo mzee wetu. Wote mna haki, kwa sababu wageni si wa aina moja. Yuko aliyetoka parishi nyingine kwa ajili ya harusi au msiba, amebeba salamu za kasisi wake. Huyo msipomsimamisha ataondoka akiona amedharauliwa. Yuko aliyehamishiwa kazi wiki iliyopita na hana anayemjua mjini. Na yuko anayepita kwenye shida: ndoa imevunjika, amefiwa, au ameacha dhehebu la wazazi wake na nyumbani bado hawajui. Huyu wa tatu amechagua benchi la nyuma kwa makusudi. Kipaza sauti kikimfikia, akaulizwa mbele ya watu 80 anasali wapi na kama ameokoka, mmempoteza siku hiyohiyo, na mtabaki mkilaumu mahubiri.

Msiufute utaratibu. Uhamisheni uamuzi kutoka kwa msoma matangazo uende kwa mgeni mwenyewe. Kabla ya ibada, mhudumu wa mlangoni amuulize kwa sauti ya chini: "Wakati wa matangazo tunawakaribisha wageni. Ungependa kusimama utusalimie, au tukukaribishe ukiwa umekaa?" Jibu liandikwe kwenye daftari la wageni, katika safu yake, tiki kwa aliyekubali na mstari kwa aliyekataa. Daftari limfikie msoma matangazo kabla mahubiri hayajaanza. Yeye atawaita wenye tiki tu, kisha atasema kwa jumla: "Na ninyi nyote mliofika kwetu leo kwa mara ya kwanza, karibuni sana. Tukitoka kuna chai upande wa ofisi." Kwaya iwaimbie wote kwa pamoja. Wimbo ubaki, ni mzuri na hauna lawama yoyote.

Mambo matatu huharibu utaratibu huu. La kwanza ni msoma matangazo mchangamfu anayesahau daftari na kusema, "Naona na dada yule pale nyuma, hebu simama tukuone." La pili ni maswali yanayovuka jina na mahali mtu anakotoka. Dhehebu, ndoa na kazi si vya kipaza sauti. La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mpangilio wa matangazo yenyewe. Mgeni akikaribishwa baada ya kusomwa majina ya wanaodaiwa ahadi za ujenzi, anasikia kwamba ameletwa kuongeza idadi ya walipaji. Wageni wawe tangazo la kwanza, fedha zije mwisho.

Jaribuni kwa miezi mitatu. Msihesabu waliokuja, hesabuni waliorudi: kila mgeni anayefika tena ndani ya wiki sita, wekeni alama mbele ya jina lake. Hesabu hiyo itawapatanisha wazee na vijana bila kikao kirefu.

Vijana tumepewa zamu ya mlangoni. Maelekezo tuliyopewa ni "mchangamke" tu. Tufanye nini hasa?
*Katibu wa vijana, Arusha*

Kwa kanisa dogo watu watatu kila ibada wanatosha, mradi kila mmoja ajue mahali pake. Wa kwanza asimame nje, getini au uani. Makanisa ya zamani mara nyingi yana mlango mkuu usioelekea barabara ya sasa, na mlango wa pembeni unaotokea sakristia au mbele kabisa karibu na kwaya. Mgeni akifuata njia anayoiona, anajikuta ameingia ibada ikiendelea na macho ya kanisa zima yanamtazama. Wengi hugeuka wakaondoka. Kijana mmoja uani, pamoja na kibao chenye mshale, vinaondoa tatizo hilo. Wa pili akae mlangoni na vitabu. Wa tatu awe ndani, kazi yake ni kuonyesha pa kukaa.

Mfike dakika 30 kabla ya ibada. Msiondoke mlangoni wimbo wa kwanza unapoanza, maana mgeni ndiye huchelewa: hajui njia na daladala za Jumapili asubuhi ni chache. Abaki mtu mpaka Injili isomwe. Wimbo wa mwisho ukifikia ubeti wa mwisho, mmoja wenu awe tayari uani, kwa sababu mgeni wa benchi la nyuma hutoka kabla kasisi hajafika mlangoni.

Salamu zifuate umri. Mzee mpeni shikamoo kwanza, mengine baadaye. "Bwana asifiwe" ni salamu njema kwa mnayemjua, ila mtu asiye na mazoea ya kanisa hukwama kwenye kuitikia, na kukwama mlangoni ni mwanzo mbaya. "Karibu sana" inatosha. Kisha mwambieni mambo matatu tu: pa kukaa, kitabu kipi, na choo na darasa la watoto viko wapi. Kosa la kawaida la wahudumu ni kusimama wawili wawili wakipiga soga na wenyeji huku mgeni anajipitia mwenyewe.

Sasa vitabu. Hapa ndipo Waanglikana tunapowaangusha watu. Mwenyeji anajua liturjia kwa moyo, hivyo haoni ugumu. Mgeni anashika Kitabu cha Sala, kitabu cha nyimbo na Biblia, na kufikia ukurasa wa tatu ameshapotea. Mlutheri amezoea kitabu chake cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, na namba zake, Mpentekoste hajui lini watu wanapiga magoti. Tengenezeni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, ipatikane kurasa nne, herufi ukubwa wa 14. Ukurasa wa mbele uwe na jina la kanisa, saa za ibada na simu ya ofisi. Kurasa mbili za ndani ziwe na mtiririko wa ibada: kila sehemu na ukurasa wake katika Kitabu cha Sala, wapi kusimama, kukaa na kupiga magoti, na maitikio mafupi kwa herufi nzito. Ukurasa wa nyuma ueleze Meza ya Bwana, watoto, sadaka, na mnada kama mnao. Toeni kopi 30, zitieni kwenye mifuko ya plastiki, mzikusanye kila baada ya ibada. Parishi nyingi huanza kwa kuchapa karatasi mpya kila Jumapili, wino unaisha, na baada ya miezi miwili hakuna karatasi tena. Karatasi iwe ya kudumu, namba za nyimbo za siku ziandikwe kwenye ubao ukutani.

Kuhusu sadaka, ikiwa kwenu watu hutoka benchi kwa benchi kwenda mbele, andikeni wazi kwamba mgeni anaweza kubaki amekaa. Mtu aliyebakiwa na nauli tu hapaswi kutembezwa mikono mitupu. Mnada nao uelezwe. Asiyeuzoea anashangaa kuona mkungu wa ndizi na trei ya mayai vinapandishwa bei nje ya kanisa, na akinyanyua mkono kumsalimu mtu anaweza kujikuta amenunua jogoo.

Mabenchi: mtu mzima anahitaji karibu sentimita 50, hivyo benchi la mita 3 ni la watu sita. Wenyeji hupenda kukaa ncha ya njiani, mgeni inabidi aruke magoti yao. Waombeni wasogee ndani, na mabenchi mawili ya nyuma yabaki kwa wageni na akina mama wenye watoto wachanga.

Mimi ni Mlutheri, nimehamia Arusha kikazi, na kanisa la Anglikana ndilo lililo karibu na nyumbani. Naogopa kwenda Meza ya Bwana nikakataliwa. Pia sijazoea kikombe kimoja.
*Mama wa watoto wawili, Arusha*

Mama, fika mapema kidogo umuulize kasisi kabla ya ibada, atafurahi umeuliza. Kwa kawaida Waanglikana huwakaribisha Wakristo waliobatizwa wanaoshiriki katika makanisa yao wenyewe, na kwetu mara nyingi huulizwa kipaimara. Mlutheri mwenye kipaimara ni nadra kukuta kikwazo.

Mtaenda mbele benchi kwa benchi na kupiga magoti. Mkate hupokelewa kwenye kiganja cha kulia kilichowekwa juu ya cha kushoto. Kikombe kikifika, kishike chini kidogo ukiongoze mdomoni, usimwachie mhudumu abahatishe. Divai ina kilevi. Ikiwa hutumii kilevi, unaumwa, au hujazoea tu, pokea mkate kisha kunja mikono kifuani kikombe kipite. Kwa mafundisho ya Kianglikana aliyepokea kimoja amepokea ushirika kamili. Watoto wako waje nawe wakiwa wamekunja mikono kifuani, watabarikiwa.

Na parishi zinazosoma jibu hili: sentensi mbili za kasisi kabla ya watu kutoka mabenchini, zikieleza nani anakaribishwa na asiyeshiriki afanye nini, zinamwondolea mgeni hofu kuliko tabasamu zote za mlangoni.

Kanisa letu linajivunia historia yake. Lakini tukiwasimulia wageni, tunaona wanapoa, kana kwamba tunawaambia hapa pana wenyewe. Tuisimulie vipi?
*Katekista, Moshi*

Simulieni historia yote, maana historia ya Anglikana chini ya Mlima Kilimanjaro ni historia ya watu waliofika kutoka kwingine.

Johannes Rebmann, aliyeuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, alikuwa Mjerumani wa Kilutheri aliyetumwa na CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza. Mwaka 1885 CMS ilifungua kituo Moshi kwa Mangi (chifu wa Wachaga) Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mwaka huohuo Askofu James Hannington alifika hapa, na kabla mwaka haujaisha akauawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Kituo hakikudumu. Mwaka 1892, baada ya Wajerumani kupigana na Mangi Meli, wamisionari Waingereza walilazimika kuondoka, na mwaka 1893 misheni ya Leipzig ikaingia mahali pao. Ndiyo sababu mlimani leo Walutheri na Wakatoliki ni wengi na Waanglikana ni wachache. Waanglikana walirudi zaidi kwa njia ya watu kuliko kwa njia ya vituo: watumishi wa serikali wakati wa Mwingereza, wafanyakazi wa reli iliyofika Moshi enzi ya Mjerumani na Arusha mwaka 1929, na familia kutoka Tanga, Morogoro na Dodoma zilizohamia kutafuta kazi. Dayosisi ya Mlima Kilimanjaro, yenye makao yake Arusha, ilianza mwaka 1982.

Katekista, ukisimulia hivyo, mgeni anaelewa kwamba bibi na babu za wenyeji wake nao waliingia mlango uleule wakiwa hawajui pa kukaa. Ukianza na orodha ya majina ya Wazungu yaliyoandikwa kwenye vibao vya ukutani, anaelewa kinyume chake.

Kuna sehemu moja ya historia inayowagusa wageni kila Jumapili bila wenyeji kujua. Anglikana ya Tanzania ilipandwa na misheni mbili. UMCA ilikuwa Zanzibar, Tanga na Masasi: uvumba, ishara ya msalaba, mavazi kamili, na kiongozi anaitwa padri. CMS ilikuwa Morogoro na Dodoma: ibada nyepesi, mahubiri marefu, na kiongozi anaitwa mchungaji au kasisi. Ziliunganishwa katika jimbo moja la Afrika Mashariki mwaka 1960, na Tanzania ikawa jimbo peke yake mwaka 1970, lakini tabia hazikufutika. Mgeni kutoka Korogwe akipiga ishara ya msalaba kwenye kanisa lililozoea desturi za CMS, watu humgeukia na kumwuliza kama ni Mkatoliki. Hilo ni kosa la wenyeji. Wafundisheni waumini wenu kwamba yote mawili ni ya kwao.

Kwa vitendo, tengeni dakika kumi baada ya ibada, Jumapili ya mwisho ya mwezi, kwa anayetaka. Mtembeze mlangoni, kwenye birika la ubatizo, kwenye madirisha, kwenye vibao vya kumbukumbu, umalizie kwenye chai. Vibao vingi vya zamani ni vya Kiingereza. Andika tafsiri fupi ya Kiswahili kwenye kadi na uibandike pembeni, usigonge msumari kwenye jiwe la zamani. Daftari la ubatizo la miaka ya mwanzo linaweza kuonyeshwa, lakini mikono iwe mikavu na safi, na meza iwe na penseli tu, kalamu ya wino ikae mbali. Benchi lenye jina la ukoo libaki na kibao chake. Kibao ni kumbukumbu, hakimpi mtu ruhusa ya kumwambia mgeni "hapo pana mwenyewe." Tunalisema kwa uzito kwa sababu sentensi hiyo moja imefukuza watu wengi kuliko ubovu wa paa.

Mwanangu anakwenda kusoma Marekani. Ametafuta kanisa la Anglikana karibu na chuo akaambiwa kuna la "Episcopal." Ni sisi au ni wengine? Atapokelewaje?
*Baba, Moshi*

Ni ndugu wa ushirika mmoja wa Kianglikana. Baada ya Marekani kujitenga na Uingereza, Waanglikana wa kule hawakuweza kuwekewa askofu Uingereza bila yeye kula kiapo kwa mfalme. Samuel Seabury akaenda Scotland, akawekwa wakfu Aberdeen mwaka 1784, na kanisa likachukua jina la Kiepiskopo, yaani la maaskofu. Kitabu chao cha sala cha sasa ni cha mwaka 1979. Mtiririko wa ibada hautampa shida mwanao, kwani mengi atayatambua hata kabla ya kuzoea lafudhi.

Mapokezi yao yako tofauti na yetu. Mara nyingi hatasimamishwa. Atapewa kadi ya kujaza jina na mawasiliano, ambayo huwekwa kwenye kapu la sadaka, huenda na kibandiko cha jina cha kuvaa kifuani. Baada ya ibada watu hukusanyika kunywa kahawa, na hapo ndipo kanisa hasa linapokutana naye. Mwambie asikimbie chumbani. Kijana wa kwetu aliyelelewa kwa heshima husubiri aitwe, na wao husubiri mgeni ajisogeze; wote wawili wakisubiri, ataondoka akidhani wamembagua. Ajisogeze, aseme jina lake na kwamba ni Mwanglikana kutoka Tanzania. Abebe barua ya kasisi wake kwa Kiingereza.

Ajue pia mapema kwamba ipo tofauti kubwa. Tangu mwaka 2003, alipochaguliwa askofu wa New Hampshire, Gene Robinson, aliyekuwa akiishi wazi na mwenzi wa jinsia moja naye, uhusiano wa kanisa hilo na majimbo mengi ya Afrika, likiwemo la Tanzania, umekuwa na ufa. Kijana azungumze na kasisi wake kabla ya safari, asikutane na jambo hilo peke yake.

Dada mmoja alikuja mara tatu akapotea. Kijana anayefanya kazi mlimani naye haonekani. Tunawafuatiliaje bila kuwasumbua?
*Mwenyekiti wa jumuiya, Arusha*

Swali hili lina uzito kuliko yote tuliyopokea. Makaribisho ya Jumapili huchukua saa mbili, na mgeni huamua kubaki au kutobaki kwenye siku sita zinazofuata.

Anzeni na daftari. Mbali na safu ya tiki ya kusimama, safu tano zinatosha: tarehe, jina, mtaa anaoishi, simu, na kama anakubali kupigiwa. Safu ya mwisho si mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu akubali taarifa zake zitumike kwa nini. Kwa hiyo ni marufuku kabisa kumwingiza mgeni kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kwa sababu tu aliandika namba yake. Hebu fikirini anachokikuta humo: mchango wa harusi, mchango wa msiba, orodha ya waliotoa na wasiotoa, namba yake imeonekana kwa watu 150. Tunaamini makundi haya yamewapotezea parishi wageni wengi kimyakimya, maana mtu hujitoa usiku na Jumapili haji.

Simu ya kwanza ipigwe Jumatatu au Jumanne, na mtu mmoja tu, anayeishi karibu na mgeni. Dakika tatu: asante kwa kufika, umefikaje nyumbani, kuna jambo tunaweza kukuombea, karibu tena. Hakuna kuuliza "utakuja Jumapili?" Asipopokea, ujumbe mmoja mfupi, basi. Kasisi apige wiki ya pili au ya tatu ikiwa mgeni amerudi. Kumtembelea ni baada ya kuruhusiwa, na waende wawili. Dada anayeishi peke yake atembelewe na akina mama, kamwe si na mwanamume mmoja, hata awe mzee wa kanisa anayeheshimika.

Ahadi ya ujenzi, bahasha na mchango wowote visitajwe kwa mgeni hadi yeye mwenyewe aulize au aandikishwe kuwa mshirika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kanisani ni kweli kwa kipimo. Mtu aliyefika Jumapili nne au tano bila kupewa hata kazi ya kugawa vitabu anajiona mtazamaji. Lakini jembe liwe jepesi: kusoma somo, kupanga viti vya chai, kusaidia watoto. Msimpe uhasibu wa kamati kwa sababu mmesikia anafanya kazi benki.

Sasa huyo kijana wa mlimani. Njia ya Marangu huchukua siku 5 au 6, Machame 6 au 7, na waongozaji na wapagazi hupanda safari baada ya safari. Msimu ukichanganya, Januari hadi Machi mwanzoni na Juni hadi Oktoba, anaweza kukosa Jumapili tatu mfululizo bila kuwa amewaacha. Muulizeni ratiba yake, mumwombee kwa jina akiwa juu, na kama jumuiya yenu hukutana katikati ya wiki mwambieni siku. Wanafunzi wa Chuo cha Ushirika au wa hospitali ya KCMC, Moshi, hupotea wakati wa mitihani na likizo, waandikwe hivyo kwenye daftari. Na Desemba, mji wa Moshi ukijaa waliorudi nyumbani kwa Krismasi, kanisa litakuwa na sura ngeni kila benchi. Wengi wao wataondoka Januari. Wapokeeni kwa furaha, lakini wekeni mtu wa kuwatambua wale wachache waliohamia kweli, maana katika umati ule hao ndio husahaulika.

Kuhusu yule dada, mama mmoja wa jumuiya ampigie mara moja. Asiseme "tumekukosa kanisani," ambayo husikika kama lawama. Aseme "tumekukumbuka, u mzima?" Akieleza sababu, isikilizwe na ibaki kwa aliyeisikia.

Nataka kujiunga na parishi ya hapa Moshi lakini sina barua ya utambulisho, na cheti cha ubatizo kilipotea tulipohama. Nitabatizwa upya?
*Msomaji, Moshi*

Hapana. Ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu haurudiwi, hata kama ulifanyika dhehebu lingine. Kinachotafutwa ni uthibitisho.

Andika kwenye karatasi jina lako kamili la wakati ule, majina ya wazazi na wadhamini, mahali, na mwaka hata wa kukisia. Ipigie simu parishi uliyobatizwa au mwombe kasisi wa hapa aandike, watafute kwenye daftari lao na watoe cheti kipya au barua yenye namba ya ukurasa. Matatizo ya kawaida ni mawili: jina la utotoni si unalotumia sasa, na mtaa uliobatizwa (kanisa dogo lililokuwa chini ya parishi) umeshakuwa parishi yenyewe, hivyo daftari limebaki kanisa mama. Taja vyote viwili tangu mwanzo. Daftari lisipopatikana, maelezo yaliyosainiwa na mzazi, mdhamini au mtu mzima aliyekuwepo hukubaliwa mara nyingi, kwa uamuzi wa kasisi. Ikibaki shaka ya kweli kama ulibatizwa, upo ubatizo wa sharti, ambapo kasisi husema kwanza "kama hujabatizwa." Kama unatoka dhehebu lingine na tayari una kipaimara, utapokelewa kwa utaratibu wa dayosisi baada ya mafundisho mafupi.

Barua ya utambulisho inafaa upande wako pia: bila jina lako kuandikwa rasmi mahali fulani, siku ya kufunga ndoa, kubatiza mtoto au kuzika, familia itahangaika kutafuta nani anakufahamu. Wakati unaisubiri, endelea kuja na uhudhurie jumuiya ya mtaani kwako. Hakuna barua inayotakiwa kwa hilo.